Mabwawa Sabini na Moja

Katika picha ile kitu kimoja tu kilikuwa cha kijani. Vingine vyote vilikuwa na rangi ya Februari yetu: miti mitupu, theluji iliyochafuka, na tuta refu la udongo lililoziba bonde zima kama bega la mtu aliyesimama mlangoni. Lakini chini kidogo ya katikati ya tuta, mahali pasipo na sababu yoyote, palikuwa na majani mabichi, upana wa kitanda cha watu wawili, yaliyostawi kana kwamba mwezi wa Mei umeingia pale peke yake na kusahau kuwaambia wenzake.

"Unaona nini?" aliuliza Bwana Clovis Ratliff. Alikuwa ameiweka picha mezani kwangu, juu ya majedwali niliyokuwa nikiyashughulikia, na kofia yake ilikuwa ikidondosha maji kwenye zulia.

"Majani," nilisema. "Mazuri."

"Mazuri, ndiyo. Mwezi wa pili huu, binti. Yanakunywa maji ya wapi?"

Bwana Ratliff alikuwa mmoja wa wakaguzi watatu wa mabwawa katika idara yetu ya mazingira ya jimbo; mabwawa yale ambamo migodi humwaga maji meusi yanayobaki makaa ya mawe yakishaoshwa. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti mabovu, na sauti kama changarawe inayoshushwa kutoka kwenye lori. Hakuwa na desturi ya kupanda hadi orofa ya nne ila awe amekasirika, na mimi mtu akikasirika mbele yangu husahau hata jina langu.

"Nyuma ya majani hayo kuna uji mweusi wa kujaza bonde, na tuta limeanza kuvuja," alisema. "Mbele yake kuna nyumba thelathini na nne, kanisa, na duka la chambo. Sasa nieleweshe, maana huko chini wameniambia ni wewe." Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaisoma taratibu kama mtu asomaye maandishi ya kaburini. "'Idara itabeba athari hii ndani ya fedha zilizopo.' Sahihi, Maribeth Stallard. Ndiwe?"

"Ndimi."

"Itabeba kwa mgongo wa nani?"

Akaondoka. Picha aliiacha.

Sentensi ile kwetu ni kama chumvi kwa mpishi: ndiyo ya kwanza kufundishwa. Kila muswada unaogusa fedha lazima uambatane na waraka wa gharama kutoka idara inayohusika, na mwandishi wa nyaraka za idara yetu nilikuwa mimi. Katika wiki yangu ya kwanza kazini, mkuu wa kitengo cha bajeti, Bi. Verna Tackett, alinikalisha akanifunda. Usiandike tarakimu kubwa, alisema. Tarakimu kubwa humuudhi mheshimiwa, na mheshimiwa aliyeudhika hukata zaidi ya alivyokusudia. Andika kwamba tutabeba, yaani hatuombi senti zaidi. Yeye atafurahi, na sisi tutaishi hadi mwakani.

Katika mikutano miwili ya bunge la jimbo nilikuwa nimeiandika mara kumi na tisa. Niliiandika kwa fomu mpya za kibali cha kuchoma takataka, kwa tarehe mpya ya kufungua msimu wa samaki, na haikumdhuru mtu yeyote niliyemjua. Ndipo ukaja Muswada 418, uliotaka ada ya mwaka ya kibali cha bwawa ishushwe kutoka dola elfu tano hadi elfu mbili na mia tano. Niliona kiasi kidogo, vumbi tu mbele ya bajeti nzima. Niliandika sentensi yangu kabla ya saa ya mlo, nikashuka kantini kula maharage na mkate wa mahindi. Jambo ambalo sikuuliza ni ada ile ilikuwa inalisha nini.

Ilikuwa inawalisha wakaguzi watatu na malori yao, basi.

Alasiri ile nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga wiki tatu nyuma. Nusu ya ada ingelipa mkaguzi mmoja na nusu, na serikali haiajiri nusu ya mtu. Mkaguzi mmoja, akifanya kazi kwa uaminifu na lori lisipoharibika, anaweza kuyaangalia mabwawa ishirini na manne kwa mwaka. Jimbo letu lina sabini na moja.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, nyanya alikuwa akizima redio kila mtangazaji anapotaja mvua kubwa; hakutaka kusikia, kana kwamba kutosikia kungeyarudisha maji mlimani. Nilitamani nami niwe na cha kuzima.

*

"Kesho saa tatu kamati inapiga kura," nilimwambia Bi. Verna. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwake muda mrefu kabla ya kubisha. "Naomba tuurekebishe waraka wa 418."

Alivua miwani. Bi. Verna ni mwanamke mfupi, nadhifu, ambaye kila Ijumaa hutuletea keki ya tufaha aliyoioka mwenyewe, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Funga mlango, mpenzi. Ratliff amekuja kwako?"

"Amekuja."

"Na picha zake."

"Moja tu."

"Moja inatosha, mzee yule anajua kuchagua." Aliifuta miwani kwa ncha ya sweta. "Nami niliwahi kurekebisha waraka. Wewe ulikuwa bado shuleni. Niliandika gharama ya kweli ya maabara ya maji, hadi senti ya mwisho, maana nilikuwa na roho safi kama yako. Kamati ikasema, kumbe maabara ni ghali hivi? Wakaifuta. Watu kumi na mmoja wakakosa kazi. Nenda kaitafute hiyo maabara leo."

"Iko wapi?"

"Ni chumba cha kuwekea viti."

Nilichojia kilikuwa ruhusa, si historia.

"Sheria unaijua," aliendelea. "Waraka hurekebishwa na mwenye sahihi tu, tena kabla ya kura. Mwenye sahihi ni wewe. Siwezi kukuzuia, lakini sikutumi. Ukifungua kinywa kesho, huenda usiwaokoe wale watatu. Huenda ukawaonyesha tu mahali pengine pa kukata." Kisha akaniangalia kwa huruma iliyoniuma kuliko ukali. "Na tuseme ukweli, Maribeth. Wewe huwezi hata kumwambia mhudumu kwamba supu imepoa. Utasimama mbele ya maseneta tisa?"

Alikuwa amesema kweli. Supu zilizopoa nimezinywa nyingi.

*

Asubuhi theluji iligeuka mvua. Watu wa mjini waliifurahia, wakitembea bila glavu. Mimi nilitazama milima ng'ambo ya mto, nikawaza maji ya vuguvugu yakinyesha juu ya theluji ya mwezi mzima, na mahali ambapo yote mawili yangeshukia.

Katika chumba cha kamati wakubwa huketi mbele, na sisi wabeba mafaili huketi safu ya nyuma, tukipitisha vikaratasi. Siku zote nimeipenda safu ile. Hakuna anayekuuliza kitu. Bi. Verna aliketi kushoto kwangu. Naibu mkurugenzi wetu, Bwana Garland Pruitt, alikwenda kwenye kipaza sauti akiwa na tai nyekundu, akauelezea muswada kwa dakika nne, na akamalizia kwa sentensi yangu.

"Ahsante," alisema mwenyekiti, Seneta Dabney Crouse, mtu mrefu, mkavu, asiyetabasamu hata anapofanya mzaha. "Kuna lingine kutoka idara?"

Huuliza hivyo kila mara. Ni swali la adabu tu, kama kumuuliza mgeni aliyekwisha kusimama kama angependa kuongezewa chai. Kwa mikutano miwili sikuwahi kumwona mtu akilijibu.

Nilisimama. Nisingesema niliamua, magoti yalitangulia na mimi nikafuata. Bwana Pruitt aligeuka akanitazama kama ambavyo angekitazama kiti kilichotoa sauti.

"Nani wewe?" aliuliza mwenyekiti.

"Maribeth Stallard, Mheshimiwa. Waraka huo niliuandika mimi. Si kweli."

"Binti, paza sauti," alisema Seneta Hollis Wetherell, mwenye tumbo na vicheko, ambaye ndiye aliyeuleta muswada. "Hapa si kwa padri."

Walicheka. Nilitembea hadi kwenye kipaza sauti, na Bwana Pruitt akasogea kunipisha, upana wa mkono mmoja, bila kuniangalia.

"Niliandika kwamba tutabeba," nilisema. "Hatutabeba. Ada hii ndiyo inayowalipa wakaguzi watatu wa mabwawa, wala haifanyi jambo jingine. Mkiigawa, atabaki mmoja. Mmoja ataweza mabwawa ishirini na manne. Arobaini na saba hayatatazamwa na mtu."

"Wenye migodi wanayatazama," alisema Wetherell. "Ni mali yao, hata mimi ng'ombe wangu nawatazama mwenyewe."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini ng'ombe wako akianguka, haangukii nyumba za watu."

Sijui lilitoka wapi. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Wetherell aliacha kucheka, na uso wake bila kicheko ulikuwa uso mwingine kabisa, ambao sikutaka kuutazama.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Arobaini na saba yapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Hakuna aliyechagua. Linaweza kuwa lolote."

"Unayo orodha?"

"Ninayo."

"Basi isome."

Hadi leo sijui kama alitaka kunisaidia au kuniaibisha. Nilizilaza karatasi mezani, nikasoma nimeinama. Nilisoma jina la bwawa, kaunti yake, na idadi ya nyumba zilizo chini yake. Hogpen Namba Moja, kaunti ya Caney, nyumba kumi na mbili. Hogpen Namba Mbili, hizo hizo kumi na mbili. Puncheon, kaunti ya Caney, nyumba arobaini na shule. Widow's Fork, nyumba sita. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma hadithi za Biblia nikiwa mtoto, bila kupumua, nikiogopa kwamba nikitua sitaweza kuanza tena.

Kwenye la kumi au la kumi na moja niliona kalamu ya seneta mmoja imesimama. Kwenye la ishirini mwingine alikuwa amevua miwani.

"Mwenyekiti, tumeshaelewa," alisema Wetherell. "Huu ni mchezo wa kututisha."

"Mwache amalize," alisema Seneta Imogene Skaggs kutoka mwisho wa meza. Alikuwa mwanamke mzee mwenye kikohozi, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea kikaoni. "Hajafika kaunti ya Tolliver."

"Kwani Tolliver kuna nini?"

"Kuna mimi, Hollis. Nakaa huko. Kaa chini."

Nilifika Tolliver. Mabwawa manane. Nilipolisoma la tano, Seneta Skaggs aliinamisha kichwa mara moja, polepole, kama mtu anayeitikia jina lake daktarini.

Yote sabini na moja yalinichukua dakika kumi na moja. Nilipomaliza hakuna aliyesema ahsante. Mwenyekiti alitangaza mapumziko, na maseneta wakaingia chumba cha ndani.

Walirudi baada ya nusu saa na karatasi moja. Ada ingeshuka kama ilivyoahidiwa, maana wenye migodi walikuwa wamekwisha kuambiwa. Lakini wakaguzi wangebaki wawili badala ya mmoja, na huyo wa pili angelipwa kwa ile nusu iliyozidi pamoja na nafasi moja ya kazi itakayofutwa idarani kuanzia Julai mosi: mchambuzi wa bajeti, daraja la pili.

Katika idara yetu daraja hilo lina mtu mmoja.

"Kamati inaamini idara inaweza kuchambua kwa watu wachache," alisoma mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alionekana kuchagua mahali pa kuyaweka macho yake. Kura zilikuwa saba kwa mbili.

*

Bwana Pruitt alinipita kwenye ujia bila neno. Bi. Verna alikaa kando yangu kwenye benchi la mbao, mkoba wake magotini, na kwa muda tuliwatazama wanafunzi wa shule fulani waliokuja kuonyeshwa kuba la jengo.

"Hawakugusa kitu kingine," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimeshikilia benchi hadi kucha imevunjika. Tazama." Alinionyesha kidole. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Una hadi mwisho wa Juni. Barua yako ya sifa nitaiandika mimi, na sitaandika uongo hata neno moja, kwa hiyo itakuwa ndefu."

Nililia pale, kidogo, kama mtu anayekohoa kanisani.

"Bado hujamaliza," alisema. "Wakaguzi wawili ni mabwawa arobaini na manane. Yanabaki ishirini na matatu. Nani atachagua?"

Kwa kweli sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimejiona nimeruka mto, kumbe nilikuwa nimefika jiwe la katikati.

Bwana Ratliff alikataa katakata kuchagua. Alikuja na mafaili yote kwenye toroli, akayapanga sakafuni mwangu, kisha akaketi kwa kuguna. "Mimi nikichagua, magoti ndiyo yatakayochagua," alisema. "Kila bwawa lenye kilima kikali litaachwa, na nitajiambia kwamba ni salama. Chagua wewe. Wewe uliyasoma kama majina ya watu."

"Siyajui, Bwana Ratliff. Sijawahi kuliona hata moja."

"Basi utaniuliza, nitakujibu. Ila mkono uwe wako."

Tulifanya hivyo siku mbili. Niliuliza umri wa tuta, urefu wake, lini lilivuja, nyumba ngapi. Lile la picha liliingia la kwanza, halikuhitaji mjadala. Puncheon yenye shule ikaingia. Kadiri orodha ilivyojaa ndivyo nilivyoogopa yale yaliyobaki sakafuni. Hayakuwa salama. Yalikuwa tu hayajasema kitu. Mara mbili nililitoa faili moja na kuingiza jingine, kisha nikarudisha, na Bwana Ratliff akageukia dirisha ili asinione. Nje mvua ilikuwa ya siku ya tatu.

Alasiri ya siku ya pili yalibaki ishirini na matatu, naye Bwana Ratliff akaondoka na toroli la yale mengine. Nililichukua la juu kabisa katika yale yaliyoachwa: Little Mercy Namba Mbili, nyumba nne. Nyumba nne tu, nilikuwa nimejiambia. Nikalifungua hadi mwisho, penye kurasa za manjano ambazo kila faili huwa nazo, orodha ya watu wa kupigiwa simu siku tuta litakapopasuka. Karatasi zile huandikwa kwa kufuata sheria, zikakaa miaka bila kuguswa. Jina la kwanza lilikuwa Bi. Icie Blankenship.

Niliinua simu, nikaiweka. Nikaiinua tena.

Iliita mara saba. "Hallo?" Sauti ya mwanamke mzee, na nyuma yake mbwa.

"Bi. Blankenship? Shikamoo. Naitwa Maribeth Stallard, napiga kutoka idara ya mazingira, habari ya—"

"Limepasuka?"

Sikuwa nimefikiri. Miaka yote aliyoishi pale alikuwa ameambiwa kwamba idara ikipiga simu, ni kwa jambo moja tu.

"Hapana! Hapana, mama. Halijapasuka. Nisamehe sana, sikutaka kukushtua."

Nilimsikia akihema. "Msichana," alisema, "nimeshika kitasa cha mlango mkononi na kiatu sina. Kama halijapasuka unataka nini?"

"Nilitaka kukuuliza limekaaje leo."

"Limekaaje?"

"Bwawa, mama. Kama unaliona kutoka hapo kwako."

"Naliona miaka thelathini na mbili sasa, nikiosha vyombo naliona. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza." Alifikiri. "Yule mzee mwenye magoti ndiye hulikagua. Kwani haji tena?"

Kulikuwa na sentensi nyingi za kumpa. Nilizijua zote, nilikuwa nimesomeshwa kuziandika.

"Mwaka huu haji," nilisema.

Mbwa alibweka mara moja. Nilingoja anitukane, au akate simu. Ningelielewa lolote kati ya hayo.

"Subiri nivae viatu, nikalitazame," alisema Bi. Icie.

Aliiweka simu mezani bila kuikata. Nilisikia kiti kikisukumwa, kikohozi, mguu mmoja ukiburutwa halafu mwingine, na maneno aliyokuwa akimwambia mbwa ambayo sikuyashika. Mlango ulifunguliwa, na mvua ikaingia kwenye simu yote kwa pamoja, kubwa, ikipiga bati la kibaraza. Bi. Verna alichungulia ofisini akiwa na koti lake, akauliza kwa midomo tu kama bado nipo. Nilimwonyesha mkono asubiri. Alisimama hapo hapo mlangoni.

Hatua zilishuka ngazi, kisha sikuzisikia tena. Kulikuwa na mvua tu, na nyumba ya mtu nisiyemjua ikiwa wazi, na mimi, maili tisini mbali, nimeibana simu sikioni kwa mikono miwili.